Sauti Iko Mia

Wahenga walisema kuwa majuto ni mjukuu. Mimi ni mjukuu, na haya ni majuto yangu. Yametokana na kitu kidogo mno, ambacho kukieleza mbele ya wasomi wa Kiswahili kunanitia haya: mstari mfupi ulio pembeni mwa kiwambo cha tarakilishi, wenye kidude cha mviringo kinachoteleza juu yake na nambari kando. Kidude kikiwa kushoto kabisa, nambari husema 0. Kikiwa kulia kabisa, husema 100. Kila aliyewahi kucheza muziki kwenye tarakilishi anakijua, na aghalabu hakitazami mara mbili. Katika kurasa hizi nitakiita kitelezi. Atakayepata jina bora zaidi na anifahamishe.

Siku ya mkasa wangu kitelezi kilisema 100, nami nikakiamini.

Nyumbani kwetu ni Leparua, katika Kaunti ya Isiolo. Anayetoka mjini Isiolo huiacha lami nyuma akafuata njia ya vumbi iliyozungukwa na migunga, na asubuhi isiyokuwa na mawingu Mlima Kenya huonekana upande wa kusini kana kwamba umesogezwa karibu usiku. Ni nchi ya wafugaji. Waturkana, Wasamburu, Waborana na Wasomali hukutana katika visima na madukani, na panapokutana lugha zote hizo, Kiswahili ndicho huachiwa nafasi ya kusema. Mjomba wangu ana duka huko. Huuza sukari, majani ya chai, tumbaku na sabuni, lakini riziki yake kubwa hutoka juu ya bati, zilipo paneli mbili za sola. Humo ndani mna betri ya gari, inveta inayovuma kama mzinga wa nyuki, tarakilishi ya mezani aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, na spika mbili ndogo. Watu huleta simu zao zipate chaji. Vijana huleta kadi za kumbukumbu wawekewe nyimbo: za injili, za Kisomali, za Kiborana, za Bongo, na hata zile ambazo wazazi wao wasingependa kuzisikia.

Mchana kutwa spika zile huimba. Usiku sauti hupunguzwa. Leparua si mahali ambapo mtu hulala hali masikio yake yameshughulishwa na mengine. Mbwa akibweka kwa namna isiyo ya kawaida, au mbuzi wakikurupuka zizini, sharti pawe na mtu aliyesikia. Desturi hiyo ya usiku msomaji aiweke akilini, kwani nitairudia.

Mwaka 2019, nikiwa katika somo la fasihi simulizi, tulitakiwa kila mmoja arekodi ngano kutoka katika jamii yake, ainukuu, aitafsiri na kuichanganua. Nilikiazima kinasa sauti cha idara nikaenda nyumbani kwa Nyanya, mama mzaa mama. Alikuwa mtambaji ambaye watoto wa boma zima walimfuata kama vifaranga. Alisimulia kwa Kiturkana, akiingiza Kiswahili cha Isiolo kila alipotaka mke wa Mjomba, ambaye ni Mborana, asipitwe na jambo. Ngano yenyewe ilikuwa ya fisi aliyenusa harufu ya nyama kutoka njia mbili, akatia mguu mmoja huku na mwingine kule, hadi akapasuka. Kila Mswahili anaijua kwa umbo la methali. Nyanya hakuijua methali, aliijua hadithi, na katika hadithi yake fisi huyo alikuwa na majibizano marefu na miguu yake mwenyewe. Kila mguu ulikuwa na hoja zake. Ilipofika dakika ya 11, mguu wa kushoto ulipoulaumu ule wa kulia kwa ulafi, Nyanya alishindwa kujizuia. Alicheka kicheko kirefu kilichoanzia tumboni, kikapanda, kikakatika, kikaanza upya. Sote tuliokuwapo tulicheka, si kwa ajili ya fisi bali kwa ajili yake.

Babu hakuwapo. Alikuwa mbali na mifugo.

Nyanya alifariki mwaka 2021. Kinasa sauti nilikuwa nimekwisha kukirejesha idarani, na kadi yake ikafutwa ili watumie wengine, kama ilivyo ada. Flashi niliyoweka nakala yangu ilipotea katika mabweni. Ikabaki nakala moja tu, ile niliyoiacha katika tarakilishi ya Mjomba, ndani ya kabrasha lililozungukwa na mamia ya nyimbo. Sikuwa na wasiwasi. Kitu kilicho nyumbani, nilijiambia, kimehifadhiwa.

Desemba ya mwaka 2022 nilirudi likizo. Ilikuwa wakati wa ule ukame uliozikausha nyanda za kaskazini baada ya misimu mitano ya mvua kukosekana mfululizo tangu mwaka 2020. Mifugo iliyosalia ilikuwa imepelekwa mbali, na wanaume wengi pamoja nayo. Babu alikuwa ameachwa nyumbani mara hii, kwa kuwa miguu yake haikuweza tena safari hizo. Jioni moja Mama alisema, kama mtu anayekumbuka kitu alichokiweka juu ya kabati, "Si ulimrekodi Nyanya yako? Babu yako hajawahi kuisikia ile hadithi." Tukakusanyika dukani: Mama, Mjomba na mkewe, watoto wanane au tisa, na Babu, aliyewekewa kigoda karibu na spika. Binamu yangu, ambaye ndiye huendesha tarakilishi ile siku zote, alikuwa ameenda kisimani na punda na hangerejea hadi asubuhi. Kiti chake nikakikalia mimi.

Nikaifungua faili. Sauti ikatoka, lakini hafifu, kama mtu anayesema nyuma ya ukuta wa udongo. Inveta ilivuma. Watoto walinyamazishwa, wakanyamaza. Babu aliinama mbele hadi kofia yake ikakaribia kugusa spika.

"Sijasikia," akasema.

Nikakitazama kitelezi. Kilikuwa kulia kabisa.

"Sauti iko mia, Babu."

"Sauti ya nani?"

"Sauti ya... ya tarakilishi. Imefika mwisho. Haiwezi kupanda zaidi ya hapo."

Alinyamaza kidogo, kisha akajiegemeza ukutani. "Basi ni masikio yangu," akasema.

Hakuna aliyembishia. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa nimekaa mbele ya mashine, na mashine ilikuwa imesema mia. Mzee wa zaidi ya miaka 80 angewezaje kubishana na mia?

Nimelitafakari sana swali lake lile: sauti ya nani? Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumelizoea neno sauti hadi hatuoni ni mizigo mingapi limebebeshwa. Darasani, kwenye fonetiki, sauti ni kile kipande kidogo cha usemi tunachokiainisha kuwa kipasuo au kikwamizo. Barabarani sauti ni kelele yoyote isikikayo. Mtu akiwa amefiwa, sauti ni ya marehemu na hakuna mwenye nyingine kama hiyo. Na dukani kwa Mjomba, sauti ni kiasi: ongeza sauti, punguza sauti. Lugha nyingine huwa na maneno matatu au manne hapo; sisi tuna moja, tulilolipokea kutoka Kiarabu na kulifanyisha kazi zote. Mara nyingi hilo si pungufu, kwani muktadha hutuokoa. Tumeunda kinasa sauti na kipaza sauti bila ya kupotezana. Lakini jioni ile muktadha haukuniokoa. Niliposema sauti iko mia, nilikusudia kiasi. Babu alikuwa akiisubiri sauti ya mkewe, akaambiwa kuwa imefika mwisho.

Wataalamu waliotafsiri programu kwa Kiswahili, kuanzia wale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, walikuwa na kazi ya kuwapa mamia ya vitufe majina. Nawaheshimu. Ila kama ningepewa nafasi, hapo penye kitelezi ningeandika kiwango badala ya sauti, ili mzee mwingine asiulizwe swali asiloulizwa.

Nirejee dukani. Kabla ya watu kutawanyika nilifanya jambo lililoonekana kuwa la busara. Nilicheza wimbo mmoja wa injili, nikijaribu kama kosa ni la spika. Wimbo ukasikika. Si kwa kishindo, lakini ulisikika vizuri, ngoma na kinanda na yote. Kumbe! Basi spika ni nzima, kitelezi ni kizima, na pungufu liko katika rekodi yenyewe. Nilirekodi vibaya. Labda nilikiweka kinasa sauti mbali. Labda Nyanya alikuwa akisema kwa sauti ya chini kuliko nilivyokumbuka. Hivyo ndivyo nilivyofikia uamuzi wangu: kwanza lawama niliirusha kwa masikio ya Babu, kisha nikairusha kwa koo la Nyanya, ambaye hakuwapo kujitetea.

Sikujua wakati huo kwamba nyimbo za kununuliwa hutayarishwa studioni kwa namna ya kubanwa na kuinuliwa hadi karibu kila sehemu yake iguse dari. Wimbo kama huo hata ukipunguzwa mno bado husikika. Mtu anayezungumza chini ya mgunga hakutayarishwa hivyo. Sauti yake ina mabonde na vilima: hunong'ona, hutulia, hupaza. Ukiipunguza kwa kiasi kile kile, mabonde huzama. Jaribio langu halikupima kitu.

Usiku ule, kila mtu akiwa amelala, niliifungua faili ya Nyanya katika programu ya kuhariri sauti. Mawimbi yakajichora kwenye kiwambo, mafupi mafupi, vilele vichache tu vikipanda. Nikaichagua faili nzima na kuamuru mawimbi yazidishwe mara nne. Programu ilikataa. Ilisema kwamba baadhi ya vilele vingekatwa, na kama nimeridhia niweke alama katika kisanduku. Niliweka alama. Betri ilikuwa inakaribia kuisha na inveta ilikwisha anza kulia. Nikahifadhi kwa jina lile lile, juu ya faili ile ile. Programu ikauliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Nikairudisha kwenye kicheza muziki, nikasikiliza dakika mbili za mwanzo, nazo zilikuwa safi na za kutosha. Nikalala nikiwa nimeridhika kama mtu aliyemaliza kuezeka nyumba.

Laiti ningaliisikiliza ndani ya programu ile ya kuhariri, ningaligundua, kwa maana kila programu huwa na kiwango chake. Laiti ningalikigusa tu kitelezi, nikakivuta kushoto kidogo na kukirudisha, yote haya yasingalitokea. Lakini ni nani hukigusa kitu kinachoonyesha kuwa kimejaa? Mtu akiambiwa mtungi umejaa hautikisi.

Asubuhi binamu alirudi. Kijana mmoja alikuwa ameleta kadi yake, akataka kwanza ausikie wimbo anaouchagua. Binamu alikaa, akakishika kipanya, akakivuta kitelezi kushoto na kukirudisha kulia bila ya hata kukitazama, kama mtu anayepangusa vumbi. Duka likatikisika. Kuku waliokuwa mlangoni walitoka mbio.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Hiki hudanganya," akasema. "Mimi usiku hupunguzia kule chini, kwenye jopo la sauti la tarakilishi yenyewe. Hiki hakina habari. Asubuhi kinasema mia tu, hadi ukiguse ndipo kitumie akili."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza?"

Hiyo ndiyo dosari yote, na sasa naweza kuieleza kwa utulivu kuliko siku ile. Sauti inayotoka kwenye tarakilishi hupita milango kadhaa kabla ya kufika sikioni. Kuna kiwango ambacho kicheza muziki chenyewe huomba. Kuna kiwango ambacho mfumo endeshi humpa kila programu, na kingine cha jumla kwa programu zote. Kisha kuna kifundo cha spika, na mwisho kuna hewa na sikio. Kila mlango huzidisha ule uliotangulia, hivyo mmoja ukifungwa nusu, kilichobaki chote hupungua. Katika tarakilishi ya Mjomba, kitelezi kilikuwa kimekusudiwa kionyeshe kile kiwango cha pili. Lakini binamu alipokibadilisha kiwango hicho kwa mlango mwingine, mfumo endeshi ulitangaza mabadiliko na kicheza muziki hakikuwa kikisikiliza matangazo. Kilibaki na mchoro wake wa zamani. Kila kilipowashwa kilichora nambari kilizojiwekea chenyewe, 100, ilhali mfumo endeshi nao uliikumbuka nambari ya usiku na kuirudisha kimyakimya. Mmoja alichora, mwingine akatenda, na wala hawakuwa wakizungumza. Ukikigusa kitelezi, kicheza muziki hutuma amri mpya, na hapo ndipo mchoro na tendo hupatana.

Nambari ya usiku ilikuwa 50. Msomaji anaweza kusema kuwa nusu si haba. Nami nilidhani hivyo, hadi niliposoma zaidi. Sikio la binadamu halipimi kama rula. Gustav Fechner, mwanafizikia Mjerumani, alieleza tangu mwaka 1860 kuwa hisia zetu haziongezeki sawasawa na kichocheo: sharti kichocheo kizidishwe ili hisia ijumlishwe hatua moja. Ndiyo maana wahandisi hupima sauti kwa desibeli, kipimo kilichopewa jina kutokana na Alexander Graham Bell, na ndiyo maana waundaji wengi wa programu hawaugawi mstari wa kitelezi kwa usawa. Njia mojawapo inayotumika sana ni kuichukua sehemu iliyoonyeshwa na kuizidisha kwa yenyewe mara tatu. Nusu ya nusu ya nusu ni sehemu moja kati ya nane. Kwa hiyo pale nambari inaposema 50, kimo cha wimbi huwa kimeshuka hadi thumuni ya kile cha awali, yaani takriban desibeli 18 chini. Jioni ile, mbele ya mia ya kiwamboni, Babu alikuwa akimsikiliza Nyanya kwa thumuni.

Isitoshe, masikio ya wazee huanza kupoteza sauti za juu kabla ya zile za chini. Irabu hubaki, vikwamizo kama /s/ na /f/ hutangulia kwenda. Wanafonetiki wenzangu wanajua maana yake: mtu husikia kuwa kuna anayesema, bali hayapati maneno. Babu alikuwa na masikio ya umri wake, hilo ni kweli. Lakini pungufu la jioni ile halikuwa lake.

Kijana alipoondoka na nyimbo zake, niliifungua faili ya Nyanya kwa kiwango cha kweli.

Dakika za mwanzo zilikuwa kubwa na wazi. Pale alipokuwa akiongea taratibu, akimweka fisi njiani, akieleza harufu ya nyama, hapakuwa na kasoro. Kisha alipoanza kupaza, sauti yake ilianza kukwaruza kingoni. Na ilipofika dakika ya 11, kicheko kilitoka kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Hapakuwa na tumbo wala kupanda. Kilikuwa mpasuko mmoja mrefu.

Niliikuza picha ya mawimbi nikaona nilichokifanya. Rekodi ile ilihifadhiwa kwa namna ambayo kila kipande cha sauti huandikwa kwa nambari isiyoweza kupita 32,767 kwenda juu, wala -32,768 kwenda chini. Alipokuwa akinong'ona, mawimbi yake yalifika 2,000. Mara nne ni 8,000, na nafasi ipo. Lakini alipocheka yalikuwa yakipita 12,000. Mara nne ya hiyo ni 48,000, na hakuna nambari kama hiyo humo. Kila kilichozidi dari kilikatwa kikawa sawa na dari. Vilele vilikuwa bapa, kama vilima vilivyopitiwa na tingatinga. Niliigawa faili kwa nne, nikidhani nitarudi nilikotoka. Vilele vilishuka, vikabaki bapa. Zipo programu zinazojaribu kukisia kilele kilikuwaje kwa kutazama miteremko iliyosalia pande zote mbili. Nimezijaribu. Hupunguza makwaruzo, lakini kicheko kinachotoka kimebuniwa na programu, nami sikuweza kukiita cha Nyanya.

Mchana ule niliitafuta kazi yangu ya mwaka 2019, ile niliyoiwasilisha kwa mwalimu na kupata alama nzuri. Unukuzi ulikuwa kamili. Maneno yote ya fisi yalikuwapo, na ya mguu wa kulia na ya mguu wa kushoto, Kiturkana juu na Kiswahili chini. Nikaenda mahali penye kicheko. Nilikuwa nimeandika, ndani ya mabano, neno moja: anacheka.

Tumefundishwa sana kuwa fasihi simulizi ni utendaji. Ruth Finnegan alilisisitiza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, na tangu hapo hakuna tasnifu inayoandikwa bila ya kulirudia. Nami nililiandika katika utangulizi wa kazi yangu, aya nzima. Kisha nikafika kwenye utendaji wenyewe nikautia ndani ya mabano. Simlaumu mwalimu kwa kunipa alama, kwani alipewa karatasi akasahihisha karatasi. Lakini nadhani idara zetu, ambazo kila mwaka hutuma wanafunzi nyanjani, zingepaswa kuzihifadhi rekodi zenyewe na si unukuzi tu. Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis hapa Kenya mwaka 1950, na mwaka 1954 akaasisi huko Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo ingali inazihifadhi rekodi hizo. Tunaweza kumkosoa kwa mengi yule bwana, na tumkosoe, lakini wasichana wale bado wanasikika. Kinasa sauti chetu hufutwa muhula ukiisha. Sharti moja la watunza nyaraka ningalilijua mapema lingaliniokoa: rekodi ya asili haiguswi, na kila hila hufanywa juu ya nakala. Kanuni hiyo hueleweka kwa sentensi moja, nami sikuwahi kuisikia katika miaka minne ya masomo.

Lilibaki la Babu. Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Ningeweza kuyaacha yalivyo. Hakuwa amelalamika, na kama ningemchezea zile dakika za mwanzo tu kwa sauti ya kutosha, angefurahi na asingejua. Mama alinishauri hivyo. "Mzee ameshafiwa mara moja," alisema. Lakini kila nilipomwona akimwomba mtoto amrudie maneno, akigonga sikio lake kwa kidole kama redio iliyoharibika, nilijua ni mia yangu inayomsumbua. Tangu jioni ile alikuwa ameanza kunyamaza watu wanapozungumza, kwa kuogopa kuwachosha.

Siku ya tatu nikamwita dukani. Nilimwonyesha kitelezi kwa kidole, nikamwambia kuwa kilikuwa kikisema mia hali sauti haikuwa mia, na kwamba masikio yake hayakuwa na hatia. Akacheka. "Kwa hivyo kilinidanganya mimi, mtu asiyejua kusoma," akasema, "na wewe unayejua kikakudanganya pia." Kisha nikamweleza la pili, la kicheko. Hilo lilikuwa refu kulieleza. Nilichora mawimbi kwenye karatasi ya sukari, nikayakata vilele kwa kalamu. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu bila ya kusema neno.

"Hayo mengine yapo?" akauliza mwishowe.

"Yapo, Babu. Yote isipokuwa pale."

"Weka."

Nilikivuta kitelezi kushoto, nikakirudisha kulia, nikaangalia na kule chini kwenye jopo la tarakilishi, nikaangalia na kifundo cha spika. Nyanya akaanza. Babu hakuinama mara hii. Alikaa wima kwenye kigoda chake, mikono juu ya fimbo, midomo ikimfuata mkewe neno kwa neno mahali alipoyajua maneno. Fisi akanusa. Fisi akafika njia panda. Miguu ikaanza kubishana, na Babu akaguna, kama mtu aliyewahi kuyasikia mabishano hayo kabla hayajawa hadithi.

Dakika ya 11 ilipokaribia nilinyoosha mkono kukishika kipanya ili niivushe ile sehemu. Babu akaukamata mkono wangu. Kicheko kikaja, kikakwaruza, kikapasua spika, na watoto waliokuwa mlangoni wakaziba masikio. Yeye hakuuachilia mkono wangu hadi fisi alipopasuka na Nyanya akaomba maji ya kunywa.